ALIYETOKA KUNDINI: HISTORIA NA MAANA ZA KIVUMISHI "EGREGIOUS" NA TATIZO LA KUKIFASIRI KWA KISWAHILI

1.0 Utangulizi

Mfasiri anayekutana na kivumishi cha Kiingereza "egregious" aghalabu hukimaliza kwa maneno mawili: "mbaya sana". Tafsiri hiyo haina kosa la wazi. Katika sehemu kubwa ya maandishi ya Kiingereza ya leo kinachokusudiwa ni ubaya uliozidi, na msomaji wa habari ya gazetini hatapotoshwa akiambiwa hivyo. Tatizo huanza pale maandishi yanapokuwa na uzito zaidi ya habari ya gazetini. Katika tamthilia ya karne ya 16 neno hilohilo linaweza kuwa la heshima. Katika barua ya kibiashara ya Kitaliano ndugu yake wa damu huandikwa mbele ya jina la mpokeaji kama tunavyoandika "Mheshimiwa". Katika hukumu za mahakama za Marekani limekuwa mpaka unaotenganisha kosa la kawaida na kosa linaloruhusu hukumu ya miaka hamsini kutupwa.

Jambo hili lina umuhimu wa pekee kwa Tanzania tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji. Hukumu na maandiko ya sheria ya nchi nyingine zinazofuata mfumo wa kawaida wa Kiingereza huendelea kusomwa na mawakili kama hoja za kushawishi, na sasa yapo mahitaji ya kuyaeleza kwa Kiswahili. Katika mazingira hayo kivumishi kimoja kinaweza kuharibu hoja nzima.

Makala hii inafuatilia historia ya neno hili tangu Kilatini na inadai jambo moja: kwamba katika mageuzi yake yote kuna sehemu ya maana ambayo haikugeuka. Kilichogeuka ni hukumu ya msemaji, yaani sifa au lawama. Kilichobaki ni wazo la kitu kuonekana nje ya kundi lake. Mfasiri anayesema "mbaya sana" huihifadhi hukumu na kulitupa kundi.

2.0 Kundi la Kilatini

Kivumishi cha Kilatini "egregius" kimeundwa na kiambishi chenye maana ya "nje ya", ambacho huandikwa "e" au "ex", pamoja na nomino "grex", ambayo umbo lake la umilikishi ni "gregis". Nomino hiyo ilitaja kundi la mifugo, hasa kondoo na mbuzi, kwa kuwa ng'ombe walikuwa na neno lao jingine. Kwa kupanuka maana ilitumika pia kwa kundi la watu. Picha ya awali basi ni ya mchungaji anayetazama mifugo yake na kumwona mmoja asiyefanana na wengine: pengine mnono zaidi, pengine mwenye rangi safi zaidi. Mnyama huyo hakutoroka kundini. Jicho ndilo lililomtoa.

Shina hilohilo limezaa maneno mengine ambayo Kiingereza kimeyapokea. Mnyama au mtu apendaye kukaa na wenzake huitwa "gregarious". Kukusanya waumini mahali pamoja, kujumlisha vitu vikawa kimoja na kutenga watu kwa rangi zao ni vitendo vitatu vyenye vitenzi vitatu vya Kiingereza, na vyote vitatu vimebeba kondoo wale wale wa Kirumi ndani yake. Msemaji wa Kiingereza wa leo hawaoni. Hata mwanafunzi mzuri wa lugha hiyo huchukua muda kabla ya kugundua kwamba neno la kuwatenga watu na neno la kosa la kupindukia ni watoto wa mama mmoja.

Katika Kilatini chenyewe neno lilikuwa la sifa. Lilimstahili askari shujaa, mshairi hodari, sura nzuri, kazi iliyofanywa kwa ustadi. Katika karne ya 2 na ya 3 ya Dola ya Kirumi lilipata hata cheo: maofisa fulani wa tabaka la wapanda farasi, waliosimamia mapato na mali za dola, walitajwa rasmi kuwa ni watu "egregius", nao walikuwa na ngazi nyingine za sifa juu yao. Neno lililoanzia malishoni likawa linachongwa juu ya mawe ya kumbukumbu.

3.0 Safari ya Kiingereza

Neno liliingia Kiingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, katika miaka ya 1530 hivi, likiwa na maana yake ya Kilatini: bora, mashuhuri, aliyewazidi wenzake. Kabla karne hiyo haijaisha lilikuwa tayari limepata maana ya pili, ya lawama. Maana hizo mbili ziliishi pamoja kwa muda mrefu, na kuishi pamoja huko ndiko kunakomtega msomaji.

Mfano mzuri wa maana ya kwanza unapatikana kwa Christopher Marlowe. Sehemu ya pili ya tamthilia yake ya Tamburlaine, iliyochapwa mwaka 1590, hufunguka kwa salamu ya mfalme Orcanes kwa watawala walio chini yake, na neno la kwanza kabisa kinywani mwake ni "egregious". Anawapa taadhima. Msomaji wa leo anayekuja na maana ya leo hulazimika kudhani kwamba mfalme anawatukana wageni wake kabla hata hawajaketi.

Miaka michache baadaye, kwa William Shakespeare, hewa imekwisha kubadilika. Katika Henry V, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza takriban mwaka 1599, neno hili amepewa Pistol, askari mwenye maneno makubwa na moyo mdogo. Analitumia mara moja kumtukana mwenzake kwa kumwita mbwa wa namna hiyo, na mara nyingine kudai fidia ya namna hiyo kutoka kwa mateka wa Kifaransa. Matumizi haya mawili ya mtu mmoja katika tamthilia moja yanastahili kutazamwa kwa makini. Mbwa anayetukanwa ni mbaya. Lakini fidia anayoidai Pistol si mbaya hata kidogo machoni pake. Ni kubwa, ni nono, haijapata kutolewa. Hapa kivumishi hakisifu wala hakilaumu. Kinasema tu kwamba kitu kimepita wenzake. Katika Othello, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 17, Iago anatumia umbo la kielezi anapojigamba kwamba atamgeuza bwana wake kuwa punda. Na katika Cymbeline, ya takriban mwaka 1610, Posthumus anajishtaki mwenyewe kuwa muuaji wa aina hiyo. Hapo lawama imekwisha kukomaa, na katika kinywa cha Posthumus hakuna mzaha wowote.

Ni nini kilichogeuza sifa kuwa lawama? Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kinaya. Anayemwita mwenzake "mwongo bora" anatumia sifa ili kulaumu, na kinaya kikirudiwa mara nyingi huacha kusikika kama kinaya. Hubaki lawama peke yake. Maelezo haya yana nguvu, lakini hayatoshi. Maneno mengi ya sifa yalitumika kwa kinaya katika Kiingereza cha wakati huo bila kupoteza maana yao ya kwanza. Mtu aliweza kumwita mwizi "noble" kwa dhihaka, na neno hilo likabaki kuwa la heshima hadi leo.

Tofauti iko katika namna neno lilivyoingia. Karne ya 16 ilikuwa karne ya mafuriko ya maneno ya Kilatini katika Kiingereza, na waandishi wengine waliyakemea kwa kuyaita maneno ya kidau cha wino, maana yake maneno yanayotoka katika wino wa msomi na si katika ulimi wa watu. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, aliwadhihaki vikali watu waliojipamba kwa maneno hayo hata mama zao wasingewaelewa. Neno "egregious" lilikuwa na sura zote za neno la kidau cha wino: refu, la Kilatini, lisilo na ndugu wa Kiingereza ambaye lingemwegemea. Neno la namna hiyo likitumika kusifu, sifa yenyewe hunuka majivuno. Si bahati tu kwamba Shakespeare alimpa Pistol. Neno "noble" lilikwisha kuwa la wenyeji kwa karne kadhaa na lilikuwa na mizizi katika cheo na ukoo. Kinaya hakikuweza kuling'oa. Hili lilikuwa geni bado, na kinaya kilipolivuta halikuwa na pa kushikilia.

Utata uliendelea katika karne ya 17. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa mwanafalsafa Thomas Hobbes katika mabishano yake na maprofesa wa hisabati wa Oxford. Hobbes anakiri kwamba yeye si mwanahisabati "egregious" kama mpinzani wake. Ikiwa neno lina maana ya sifa, hayo ni maneno ya mtu mnyenyekevu. Ikiwa ni lawama, ni tusi. Anayejua ukali wa mabishano yale atachagua la pili, lakini sentensi yenyewe imejengwa ili isikamatike, na huenda Hobbes alilichagua neno kwa sababu hiyohiyo: lilimruhusu kupiga na kuficha mkono.

Katikati ya karne ya 18 mizani ilikwisha kulala upande mmoja. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliorodhesha maana mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ubora na upekee, ya pili ya ubaya uliopindukia, na chini ya hiyo ya pili aliongeza kwamba ndiyo ya kawaida. Maelezo hayo mafupi yana thamani kubwa kwa mwanaleksikografia. Johnson hakuifuta maana kongwe kwa kuwa waandishi aliowaheshimu waliitumia. Wala hakumwacha msomaji achague mwenyewe bila msaada. Alimwambia neno limefika wapi. Kamusi nyingi za lugha mbili zilizokuja baadaye, zilizopanga visawe kwa mstari mmoja na kuvitenganisha kwa nukta na mkato, zingefanya vizuri kumwiga.

Maana ya sifa haikufa mara moja. Bado ilionekana hapa na pale kwa waandishi wa karne ya 19 wenye elimu ya Kilatini, W. M. Thackeray akiwa mmoja wao. Lakini hao walikuwa wanaandika kwa kujua kwamba wanafufua.

4.0 Ndugu waliobaki nyumbani

Hoja kwamba lawama haikuwa ndani ya neno tangu mwanzo inathibitishwa na lugha zilizotokana moja kwa moja na Kilatini. Kitaliano kina "egregio", nalo hadi leo hufungua barua rasmi: mpokeaji hutajwa kwa neno hilo likifuatiwa na "Signore" au cheo chake, na juu ya bahasha hufupishwa kuwa "Egr." Kihispania kina neno la umbo hilohilo kwa mtu mtukufu au mwenye sifa kubwa. Katika Kireno, hasa cha Brazili, wakili anayeandika kwa mahakama ya juu huiita "egrégio tribunal", na hakuna jaji anayekasirika.

Inawezekana kwamba kilicholinda maana katika lugha hizo ni ada za adabu. Neno lililogandishwa katika salamu haliangaliwi tena, na lisiloangaliwa haligeuzwi kwa urahisi. Wasemaji wa Kiswahili wanalijua jambo hilo: anayejibu "marahaba" hafikirii maana ya Kiarabu ya jibu lake. Kiingereza hakikuwahi kulipa neno lake makazi ya namna hiyo.

Hata hivyo, kuna ndugu wengine ndani ya Kiingereza chenyewe waliofuata njia tofauti, nao wanasaidia kuona ni kipi hubaki na kipi huondoka. Neno "enormous" limetokana na Kilatini "norma", kifaa cha fundi cha kupimia pembe mraba. Maana yake ya asili ni kitu kilichotoka nje ya kipimo. Katika Kiingereza cha karne ya 16 liliweza kumaanisha pia uovu. Leo lawama imeondoka na ukubwa peke yake umebaki, ingawa nomino yake "enormity" bado hutumiwa na waandishi waangalifu kutaja uovu mkubwa. Neno "exorbitant" limetoka kwenye njia ya gurudumu. Gurudumu likiacha njia yake, ndilo hilo. Kwa sasa limekodishwa karibu lote na wafanyabiashara, na huzungumzia bei. Kiswahili kikisema "bei ya kuruka" kinaona mwendo uleule kwa jicho jingine.

Maneno haya matatu yanaanza na "nje ya": nje ya kundi, nje ya kipimo, nje ya njia. Kutoka nje si wema wala si ubaya. Ni jamii ya wasemaji inayoamua, kwa kila neno na kwa wakati wake, ikiwa aliyetoka anastahili kuvikwa taji au kupigwa mawe.

5.0 Kivumishi kama kipimo cha sheria

Marekani ndiko neno hili lilikopewa kazi nzito kuliko zote katika karne ya 21. Mwaka 2016, katika shauri la Halo Electronics dhidi ya Pulse Electronics, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza ni lini mahakama inaweza kuongeza fidia ya ukiukaji wa hataza, ambayo sheria inaruhusu ifike mara tatu. Jibu lilikuwa kwamba adhabu hiyo imewekwa kwa ajili ya mienendo "egregious", si kwa ukiukaji wa kawaida. Tazama mahali neno liliposimama. Ukiukaji wa hataza ni kosa tayari. Neno halikuja kusema kwamba kosa ni kosa. Limekuja kuwatoa wachache ndani ya kundi la wakosaji.

Mwaka 2020, katika shauri la Ramos dhidi ya Louisiana, Jaji Brett Kavanaugh aliandika maoni yake mwenyewe juu ya masharti ya kuacha kufuata hukumu ya zamani. Sharti la kwanza alilolitaja ni kwamba hukumu hiyo iwe si yenye kosa tu, bali yenye kosa zito au "egregious". Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 2022, katika shauri la Dobbs dhidi ya Jackson Women's Health Organization, Mahakama ilitengua hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba, na maoni ya wengi yaliyoandikwa na Jaji Samuel Alito yalitumia umbo la kielezi la neno hili kueleza kosa la Roe. Yaliifananisha na hukumu ya Plessy dhidi ya Ferguson ya mwaka 1896, iliyohalalisha utengano wa watu weusi na weupe. Ni sadfa tu kwamba neno la Kiingereza la utengano huo nalo limetoka kwenye "grex". Lakini kwa mwanaetimolojia sadfa hiyo haipiti bila kuonekana.

Makala hii haina haja ya kuamua ubishi wa majaji. Kinachohusika hapa ni mantiki ya kivumishi. Kanuni ya kufuata hukumu zilizotangulia ingekufa kama kila hukumu yenye kosa ingeweza kutenguliwa; kwa hiyo lazima kuwe na makosa yanayovumiliwa na makosa yasiyovumiliwa, na neno moja limewekwa mpakani. Swali la kawaida la wahakiki, kwamba nani anayeuchora mpaka huo na kwa rula gani, ni swali la kisheria, lakini chanzo chake ni cha kisemantiki. Neno linasema kuna kundi. Halisemi kundi linaishia wapi.

Sasa sentensi hiyo ifasiriwe: "hukumu ile ilikuwa na kosa baya sana". Mpaka umetoweka. Msomaji wa Kiswahili anaambiwa kiwango cha ubaya, haambiwi kwamba kosa hili limetengwa na makosa mengine ya aina yake. Ikifasiriwa "kosa la dhahiri", hali ni mbaya zaidi, kwa sababu neno hilo lina kazi nyingine. Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za mwaka 2009, katika Kanuni ya 66, zinaruhusu mahakama hiyo kupitia upya uamuzi wake ikiwa umejengwa juu ya kosa lililo dhahiri katika kumbukumbu za shauri na lililosababisha haki kupotoka. Kosa la dhahiri ni lile linaloonekana bila mabishano marefu; laweza kuwa dogo kwa asili yake. Kosa "egregious" laweza kuwa limejificha na likahitaji kurasa mia moja kulifichua. Kuyachanganya ni kumpa wakili hoja ambayo sheria haikumpa.

6.0 Kiswahili na waliotoka kundini

Isisemwe kwamba Kiswahili hakina njia. Vivumishi vyake halisi ni vichache, hilo linajulikana, lakini kazi hiyo hufanywa na virai vya "-a" unganifu, na vishazi rejeshi, na nomino zenyewe. Katika uwanja huu wa maana lugha ni tajiri kuliko inavyodhaniwa.

Kwa mtu, kuna kitenzi "kubuhu". Mwizi aliyekubuhu na mlevi aliyekubuhu wametengwa na wezi na walevi wa kawaida. Hata hivyo kitenzi hiki kina wazo la mazoea na muda mrefu, na mtu anaweza kutenda jambo "egregious" mara moja tu maishani, kama Posthumus. Neno "sugu" nalo lina muda ndani yake: ngozi haifanyi sugu kwa siku moja. "Kubobea" kunavutia zaidi kwa kuwa kumebaki na pande mbili ambazo Kiingereza kimezipoteza. Mtu hubobea katika sheria na husifiwa, na mwingine hubobea katika ulevi na hulaumiwa, na ni nomino inayofuata inayoamua. Hapo ndipo "egregious" lilipokuwa wakati wa Pistol.

Kuna pia njia ya picha. Mjadala wa ufisadi katika magazeti ya Tanzania ya mwaka 2009 ulivumisha usemi "fisadi papa". Picha hiyo hufanya hasa kile kilichofanywa na kondoo wa Kilatini: inaweka samaki wengi baharini, dagaa wakiwemo, kisha inamtoa mmoja. Ubaya tayari umo katika "fisadi". "Papa" ameongeza ukubwa na kutokea. Hakuna atakayeandika "hukumu papa", lakini mfasiri wa makala ya siasa anaweza kujifunza kwake.

Kinachostaajabisha zaidi ni mwendo wa kinyume. Katika usemi wa vijana wa mijini na wa watangazaji wa michezo, mchezaji aliyefunga mabao matatu "ni balaa", "ni hatari", "ni kiboko", "anatisha". Maneno ya maafa na hofu yamekuwa ya sifa. Waalimu wengi huyachukia, na hawalazimiki kuyapenda. Lakini mchakato ni ule ule uliolipata neno la Marlowe, isipokuwa mwelekeo. Kiingereza cha karne ya 16 kilichukua sifa ya kutokea kundini kikaifanya lawama, na Kiswahili cha mitaani kimechukua lawama kikaifanya sifa. Katika safari zote mbili kiwango cha kupindukia hakikuguswa. Wanaoeleza kushuka na kupanda hadhi kwa maana kana kwamba ni neno zima linalohama wangefaa kuitazama mifano hii pamoja: kinachohama ni tabaka la juu tu la neno.

Kwa maandishi ya sheria, basi, pendekezo la makala hii ni "-liopindukia", na pale hukumu inapotumia neno kama kipimo, kundi litajwe waziwazi: "kosa lililopindukia makosa ya kawaida ya hukumu". Ni refu. Urefu huo ni bei ya kuuweka mpaka mahali pake. "Kukithiri" kungefaa kwa maana, lakini tayari kumezoeleka kwa uzembe na utovu wa nidhamu wa kiwango kikubwa, ambavyo Kiingereza huvitaja kwa kivumishi kingine, na ni busara kila kipimo kiwe na neno lake. Kidahizo katika kamusi ya lugha mbili kianze na "-liopindukia (kwa ubaya)", kifuate mfano mmoja wa kosa na mmoja wa mtu, ndipo ije maana ya pili, "bora, -tukufu", ikiwa na alama kwamba ni ya kale na hupatikana katika fasihi.

Fasihi ina mahitaji yake. Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na Samuel Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Henry V, Othello na Cymbeline hazimo miongoni mwa kazi hizo nne. Atakayezifasiri atakuta kwamba pendekezo la mahakamani halimsaidii. Kwa Iago, ambaye lawama yake bado ina mzaha, Kiswahili kina kirai kinachorudia kinaya cha karne ya 16 hatua kwa hatua, yaani "-a kupigiwa mfano". Kirai hicho ni cha sifa. Kikiwekwa mbele ya kiongozi au mwalimu kinapendeza. Kikiwekwa mbele ya punda, "punda wa kupigiwa mfano", msikilizaji anasikia sifa na lawama kwa pamoja. Kwa Posthumus anayejihukumu kwa uchungu kirai hicho kingekuwa kejeli isiyo mahali pake, na "muuaji asiye na kifani" ingemfaa zaidi. Mfalme Orcanes wa Marlowe anahitaji "watukufu" tu. Inabaki fidia ya Pistol, ambayo si njema wala si mbaya. Hapo maneno yote ya lawama hayafai, na ya adabu hayafai pia kinywani mwa askari yule. "Fidia ya kufa mtu" ingekuwa na kishindo chake, ingawa mateka wake angeweza kuielewa vibaya.